Mshipa wa bandama umevimba, naweza kubeba mimba?

SWALI: Dokta shikamoo, mimi ni mama wa mtoto mmoja nina miaka 31. Nilienda kupiga altrasaundi ya figo wakaona kitu kingine, nikapigwa siti skani ndo wakasema ateri ya bandama imevimba sentimita 2.2, ila ni kadogo nirudi mwakani. Siumwi popote. Sa mimi na mume wangu tunatafuta mtoto wa pili, tuendelee tu? Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba dada. Naomba msitishe kwanza, tumia uzazi wa mpango mpaka hili liishe.

Hiyo ni aneurizimu, yani ukuta wa ateri umelegea sehemu moja ukatuna. Kwenye mishipa ya tumboni ni nadra, ila ikitokea mara nyingi ni hiyohiyo ya bandama na wanawake ndo wanaipata zaidi. Kwa mzee asiye na dalili ningekubali kabisa asubiri, maana mwongozo wa Marekani wa 2020 unaruhusu kufuatilia tu kama haijapita sentimita 3. Lakini mwongozo huohuo unataka mwanamke anayeweza kuzaa atibiwe hata ikiwa ndogo, kwasababu mimba inaongeza damu na homoni zinadhoofisha kuta za mishipa, na ikipasuka, hasa miezi mitatu ya mwisho, mama wengi hufariki na watoto wengi zaidi. Najua inatisha, ila wewe umeigundua mapema na inatibika.

Siku hizi mara nyingi hawapasui tumbo. Wanapitisha katheta, mrija mwembamba, kwenye mshipa wa kinenani, wanaifuata kwa eksirei hadi kwenye uvimbe, alafu wanaziba kwa koili, vijiwaya vya madini, mbele na nyuma, maana wakiziba upande mmoja tu damu inarudi kwa upande wa pili. Bandama yenyewe kwa kawaida inaishi, inapata damu kwa vimishipa vinavyotoka tumbo la chakula. Unaweza kuumwa ubavu wa kushoto na kupata homa siku chache. Uvimbe ukiwa umebana kabisa kwenye bandama wanaweza kulazimika kuitoa, hapo ulizia chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo mapema, kabla ya opareshini.

Omba rufaa Muhimbili, tiba hii ya katheta wanaifanya. Na ukisikia maumivu makali ya ghafla juu ya tumbo kushoto, ukaona kizunguzungu, nenda hospitali usiku huohuo hata yakitulia, maana damu inaweza kujizuia kwa muda kisha ikafumuka upya.