Kifusi kiingie, paa la kijivu libaki nje

SWALI: Shikamoo mzee. Tuko Bombo, Uganda, tunabomoa nyumba aliyotuachia baba. Tumekodi kontena la taka la mita sita za ujazo. Mwenye lori anasema tuweke chochote, lakini shangazi hakubali. Tuweke nini?
– Binti wa Bombo

JIBU: Marahaba, binti yangu. Msikilizeni shangazi. Mimi nimepakia taka kwenye malori kabla ya kushika kalamu hii, na mwenye lori anayepokea chochote humwaga popote.

Anzeni na paa. Kama ni la kijivu, lina mawimbi na ni gumu kama saruji, lihesabuni kuwa asbestosi mpaka mjuzi aseme siyo. Hilo lisiingie kontenani. Likivunjika hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, na ugonjwa wa mapafu unaweza kujitokeza miaka 20 au zaidi baadaye. Msilipige nyundo wala msumeno. Ulizeni NEMA, mamlaka ya mazingira, ni nani mwenye leseni ya kuliondoa. Na asitokee mjomba wa kubeba vipande akaezeke banda la kuku!

Betri za gari, rangi iliyobaki, dawa za shamba, oili chafu, mitungi ya gesi na zile taa ndefu za mirija, zenye zebaki ndani, vyote vikae kando. Betri irudisheni kwa muuza betri. Msimruhusu kijana aipasue uani, ina madini ya risasi na asidi.

Matofali yaliyovunjika, plasta na vigae vya sakafu, sawa. Ila angalieni uzito: mita moja ya ujazo ya kifusi hupita tani moja kwa urahisi. Mkijaza mpaka ukingoni, lori litashindwa kuliinua na mtalipia kupakua. Ulizeni kikomo cha tani kabla ya sepetu ya kwanza. Matofali mazima, mbao na mabati uzeni, wateja hawakosi. Maganda ya matoke wapeni wenye mbuzi. Kifusi kisafi kuna wanaokitaka cha kufukia mashimo ya njia, kilichochanganyika na uozo hakuna.

Mwisho, mwulizeni mwenye lori anamwaga wapi. Zamani wengi wangekujibu Kiteezi, jalala la taka za Kampala. Rundo la huko liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu waliokuwa majumbani mwao. Akikwambia kuna bonde fulani analijua, hilo ni kinamasi. Tafuteni lori jingine.