Jibu: Mbona makofi ni machache kwenye rekodi ya Hendrix?

Ndugu yangu, umeuliza mbona watu wamepoa hivyo kwenye ile rekodi ya Jimi Hendrix Experience, bendi ya mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix, iliyotolewa 2023. Tamasha lilikuwa Hollywood Bowl, ukumbi wa wazi kule Los Angeles, Agosti 18, 1967, na watu walikuja kuiona bendi nyingine, The Mamas & the Papas. Albamu ya kwanza ya Hendrix ilikuwa bado siku 5 itoke Marekani, kwa hivyo wengi hawakumjua.

Jana usiku niliisikiliza hapa Kondele, mvua ikipiga mabati. Wanamuziki watatu tu! Ngoma za Mitch Mitchell zinalikimbiza gitaa, Noel Redding ameshikilia besi. Sisi tuliokulia kwenye benga besi tunaijua. Tafuta hedifoni, spika ya simu itakunyima nusu ya utamu.