Mtoto anaonewa shuleni na hasemi: muulize yeye angemwambia nani

Pole sana, dada mleta mada. Umesema mwanao wa darasa la nne ananyang'anywa hela ya kula na kupigwa na wakubwa, kila ukimuuliza anajibu "hamna kitu", na hujui umpeleke kwa mwalimu mkuu au baba yake ndiye amkalishe chini. Kabla ya hao wote, mwache mtoto achague mwenyewe mtu wa kumwambia.

Nimemlea mtoto wa marehemu dada yangu, naye yalimkuta hayohayo. Nyumbani tulijaa watu tunaompenda, na hakutuambia hata mmoja. Mtoto anayeonewa anapiga hesabu zake: mama atalia, baba atasema "nawe warudishie", mwalimu atamtaja paredi, halafu jioni njiani atapigwa mara mbili na kuitwa mnoko. Mara nyingi hesabu hizo ni sahihi, ndiyo maana "niambie tu, usiogope" haimfungui mdomo.

Siku moja tunachambua mchele, macho yote kwenye ungo, nikamuuliza: "Ukianguka shule ukachubuka goti, unamkimbilia nani?" Akajibu hapohapo: "Mama wa uji." Mpishi wa shule!

Nikamfuata yule mama jikoni kwake. Nilimwomba asimhoji, na akisikia jambo asiende popote kabla ya kumwambia mtoto anaenda kwa nani na kwa nini. Wala asimwahidi siri, maana ahadi hiyo ikivunjika mtoto hasemi tena. Mtoto akawa anamsaidia kusuuza vikombe wakati wa mapumziko, na hapo kwenye beseni la vikombe ndipo alipotaja majina, na kwamba wanamsubiri nyuma ya vyoo. Wakaenda pamoja kwa mwalimu wa malezi, ambaye aliwaita wale wavulana ofisini mmoja mmoja, bila kumtaja mtu paredi. Kipigo kikakoma.

Kwako anaweza kuwa mlinzi, ustadhi wa madrasa, bibi, au konda wa basi la shule. Cheo si hoja, ilimradi asiwe mtu wa kufoka na mtoto aweze kumfikia bila kuomba ruhusa. Ila na wewe umjue vizuri, wazungumze mahali pa wazi, na yeyote atakayemwambia mwanao "usimwambie mama" mwondoe siku hiyohiyo. Tafuteni na wa pili, kwani mpishi huugua na walimu huhamishwa. Kwetu alikuwa baba yake mdogo.

Mfundishe pia namba 116, simu ya watoto. Ni bure, Tanzania na hata Kenya, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Akiwa anaumizwa na shule inakuzungusha, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Usisubiri muhula uishe.

Leo jioni mwulize lile swali la goti mkiwa na kazi mkononi. Akikutajia mtu, rudi hapa tusaidiane utaanzaje kuongea naye.