Mbele ya kutafuta kazi Kanada, tafuta mutu mwenye atajibu telefone

Niko Bukavu tangu majuma tatu, niko kwa mama huku Nguba, na karibu kila mangaribi kuna mutu anapiga hodi na bahasha ya kaki ku mukono. Jana ilikuwa mutoto wa baba mudogo, kijana wa Kadutu, alisoma gestion akamaliza, miaka mbili sasa anazunguka na dosie ku milango ya ma-ONG. Akakaa pale, akakunywa chai, akaangalia chini, kisha akasema, "Yaya, miye sikuombe feza, unipelekee tu hii kule kwako, umupatie shefu yako." Kufungua: barua ya kuomba kazi ameandika na mukono, bic ya bluu, maandiko muzuri kabisa, CV yenye foto amevaa kravati, kopi ya diplome yenye muhuri, karata ya ONEM (ofisi ya serikali yenye inaandika batu benye banatafuta kazi), na ata cheti ya ubatizo. Nikacheka. Kisha nikasikia haya ya kucheka, ju miye mwenyewe nilipanda ndege na dosie ya namna ile ile, nilikuwa nayo mu sakoshi ya mukono, siyo mu valizi, ju niliogopa valizi ipotee.

Bon, wacha niandike mara moja, ju nimechoka kurudilia ile ile kwa kila bahasha.

Hapa Bukavu nilifanya miaka sita ku kesi (caisse, fasi ya kupokea feza) na ku kontabilite ya kliniki moja. Bwana yangu alinitangulia Kanada, akanifwatisha, nikafika Sherbrooke, mu Québec, mwezi wa kumi na moja, na koti ya soko ya Nyawera yenye hapa tunaona ni nzito, kule ilikuwa sawa na shati. Niliwaza: Kifaransa ninajua, kazi ninajua, mwezi moja inatosha. Ilinikamata miezi tano kupata kazi, na ile kazi haikuwa kuhesabu franga ya mutu, ilikuwa kufua mashuka.

Ya makaratasi nitapita mbio. Kitu ya kwanza ni NAS (numéro d'assurance sociale), namba ya sifri tisa yenye bila yayo hakuna mutu wa kukulipa kwa haki. Inatoka ku Service Canada, ni ya bule, na usiigawe ovyo ju ni kama funguo ya nyumba. Wale benye bako na karata ya muda, wanafunzi ao benye baliomba ukimbizi, yao inaanza na 9 na iko na siku ya kuisha, tena karatasi yao inapashwa kusema banaruhusiwa kufanya kazi. Kisha ufungue konti ku banki, ju mushahara inaingia ku konti, hakuna ya kupanga mustari ku mulango wa kontable. Basi.

Sasa telefone. Hii hakuna mutu aliniambia na ilinipotezea kazi mbili. Sisi hapa tunajua kubipa, unaona namba, unarudisha, ao unangoja mutu arudilie. Kule mupatro anaita mara moja, mara mingi na namba yenye imefichwa, usipojibu anaacha sauti ku boite vocale, anangoja umurudilie siku ile ile. Miye ile alama ndogo juu ya ekra niliizania ni pube ya kampuni ya telefone. Siku bwana yangu alinionyesha ginsi ya kusikiliza, nilikuta sauti saba mule ndani, mbili zilikuwa za kuniita ku enterview, na siku zilisha pita tangu juma mbili. Nililia mu jikoni, bwana anasema si kitu, nikamuambia kwako njo si kitu. Unapofika, andaa ile boite yako, uweke sauti yako mwenyewe, jina lako polepole, na uisikilize kila jioni kama vile unaangalia kama mulango imefungwa.

Na mukiongea namba, wandugu, wacha septante (70) na nonante (90) hapa Congo. Niliita fasi moja, nikaacha namba yangu na nonante yangu kama vile mwalimu alitufundisha, yule mama ananiuliza "pardon?" mara tatu, mwisho akaandika yake anajua mwenyewe na hakuniita kamwe. Kule ni soixante-dix na quatre-vingt-dix. Ao tamka sifri moja moja, haina haya.

Enterview ya kwanza nilipata mwezi wa kwanza. Yule mama aliniambia, "Parlez-moi de vous." Nikaanza: miye ni mutoto wa ine kati ya batoto munane, papa alikuwa mwalimu Bagira, niliolewa, niko na batoto mbili, tunasali. Alikuwa anatingisha kichwa na upole yote, na miye ninaona inaenda muzuri. Kumbe ile swali haiulize wewe ni wa nani, inauliza unajua kufanya nini. Nilipashwa kusema: miaka sita ku kesi, kila jioni nilikuwa nafunga hesabu ya franga na ya dola, siku yenye haikutoshana sikurudia nyumbani mbele ya kuona kosa iko wapi. Tena nilikuwa naangalia meza. Kwetu mutoto wa adabu hamuangalie mukubwa mu macho, kule wanasema huyu anaficha kitu. Na shefu mwenyewe anakuambia umuite na jina lake tupu, na "tu" ya Kifaransa pa fasi ya "vous", nilikuwa nasikia vibaya kabisa, mpaka leo kuna siku "madame" inanitoka ku kinywa peke yake.

Lakini hapa njo penye nilitaka kufika. Mwisho wa ile enterview aliniuliza: "Una références?" Niko na barua tatu zenye muhuri, nikazitoa. Hakuzisoma. Anataka majina mbili na namba za telefone, batu benye balinisimamia ku kazi, aite, baseme. Nikatoa namba ya shefu yangu wa zamani hapa Bukavu. Wakati wa baridi kuna masaa saba katikati ya kule na huku, yule mama akiingia ku buro asubuhi, huku ni mangaribi, kliniki imefungwa, shefu yuko mu taksi anashuka ku kartie ya Essence na telefone haina moto. Hakupata mutu. Na kazi ikaenda.

Nilikaa na ile jambo siku mingi. Hapa kwetu sina haja ya kujieleza, nikisema jina la papa, mutu wa Bagira atasema "ah, mutoto wa mwalimu", na yote imeisha, mazuri yangu na mabaya yangu anayo tayari. Hii tunaita kujuana, ao kuwa na mutu, na tunaitukana sana ju inapitisha bajinga mbele ya benye akili. Lakini kule nilijikuta sina ata mutu moja wa kusema "huyu anafika ku saa." Banakuuliza experience ya Kanada. Wazee walisema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Kule unaomba jembe yenyewe, wanakuuliza kwanza kama ulisha lima Kanada.

Nani alinifungua? Mama moja wa Haiti, tulikuwa tunapanda basi moja. Nikamuambia shida, akasema, "Shuka na miye kesho." Akanipeleka ku banki ya chakula, fasi benye shida banapewa vyakula, na nikaanza kwenda pale mara mbili kwa juma, bule, kuchagua viazi zenye hazijaoza na kupanga makopo. Nikaambia mama ku telefone, akanyamaza kidogo, akauliza, "Ulisoma kwa ajili ya viazi?" Sikuwa na jibu. Na usizanie ni rahisi, ni kusimama masaa ine mu fasi ya baridi, unarudi mukono yako inanuka udongo, na hakuna mutu anakupa ata ya basi.

Lakini ku juma ya tatu yule mama mwenye anasimamia pale aliona ile karatasi yao ya kuhesabu makopo haitoshane, nikamuambia niachie, nikaipanga upya vile nilikuwa napanga stoki ya dawa ku kliniki. Tangu pale akaanza kuniita na jina langu. Mwezi wa tatu nikamuomba kama ninaweza kuweka namba yake ku CV (muombe kwanza! usiweke namba ya mutu bila yeye kujua, ni kosa kubwa, na mutu akishtuliwa ku telefone ataongea vibaya ata kama anakupenda). Mwezi wa ine nikaandika kazi ku nyumba moja ya wazee, ya kufua, bakamuita kesho yake, aliongea dakika kumi, na juma yenye ilifwata nilikuwa mbele ya mashini ya mashuka.

Njo maana nasema ile kazi yenye munatafuta siyo ya kwanza. Ya kwanza ni kupata mutu mwenye atajibu telefone. Inaweza kuwa ku banki ya chakula, ku kanisa kama unasimamia hesabu ya kweli, ku masomo ya batoto, mwalimu mwenye alikufundisha formasio ya juma mbili. Mutu wa pale, mwenye anakuona unafika na baridi ile, mwenye ataongea na Kifaransa yao. Ile mashuka nilifua mwaka moja na nusu. Wakati waliona namba zinanitoka haraka kuliko mashini, bakanijaribu ku buro, siku mbili kwa juma, kisha tatu. Leo niko ku kontabilite ya kampuni ndogo ya vyombo vya mashamba, na unajua waliita nani kuuliza juu yangu? Yule yule wa viazi.

Ma-ajansi ya kazi. Yako na mazuri, yanakuingiza haraka ku mausine na ku madepo, lakini fungua macho. Moja ilinituma ku depo siku mbili, na viatu vya chuma nilinunua mwenyewe ku friperie, kisha kimya, hawakuniita tena mpaka leo. Tangu mwezi wa kwanza 2020, mu Québec ajansi inapashwa kuwa na ruhusa ya CNESST (ofisi ya Québec yenye inasimamia haki za bafanyakazi), na haina haki ya kukulipisha wewe mufanyakazi ju ya kukutafutia kazi. Na hii niseme kwa sauti kwa benye bangali hapa Bukavu: mutu akikuambia ulipe dola 500 Goma ao Kampala ju ya "kontra ya Kanada" yenye iko tayari, huyo ni mwizi, ata kama amevaa badge, ata kama anasali na wewe.

Diplome yako usiidharau lakini usiikalie. Kuna évaluation comparative, ministere ya immigration inasema diplome yako inatoshana na gani ya kwao, inalipwa na inachukua muda, na ni mawazo tu, haikupe ruhusa ya kazi zenye ziko na ordre, ile chama yenye inaruhusu mutu kufanya kazi fulani. Muuguzi wa ISTM (iniversite ya bauguzi huku kwetu) lazima apite ku Ordre des infirmières et infirmiers du Québec, na ile njia ni ndefu. Wengi wanaanza na kazi ya kusaidia wazee, kuosha na kulisha na kuinua, na kuna formasio ndogo mbili zenye zinafungua mulango: PDSB, ya kuinua mutu bila kuvunja mugongo, na RCR, ya kuamusha moyo. Lakini kitu ya maana kwa benye hawajaondoka: relevés de notes (karatasi za pointi) za miaka yote, original, ukamate ungali hapa. Ukisha vuka, kila karatasi utamutuma ndugu ku sekretaria ya iniversite, na ndugu naye ataomba ya taksi na ya matabishi.

Feza? Mushahara wa chini mu Québec inapanda kila tarehe 1 mwezi wa tano, 2025 ilifika dola 16.10 ya Kanada kwa saa. Familia ikisikia hivyo inazidisha mara masaa, mara siku, na inakutumia orodha. Haijui kodi mbili, ya Kanada na ya Québec, haijui pension, asiransi, nyumba, ile koti ya kweli. Ya kwanza nilituma yote karibu, nikakopa ya basi. Ya pili nilijifunza kusema "mwezi ijayo."

Basi jana, na yule kijana. Ameanza dosie ya kwenda kusoma kule, kwa hiyo haikuwa maneno ya hewa. Bahasha yake sikuichukua. Tulikaa na telefone yake mpaka umeme ukakatika, tukaendelea na mwangaza ya ekra, tukaandika CV upya: foto tukatosha, siku ya kuzaliwa tukatosha, "célibataire" tukatosha, ubatizo pia, akanungunika kidogo ju ya ubatizo. Tukafika ku références, akasema hana. Nikamuuliza siku ya posho anafanya nini. Anasema anasaidia mufarmasia moja pale Kadutu kuhesabu dawa, ni rafiki tu, hamulipe.

"Miaka ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Anajibu telefone?"

"Anajibu, yaya. Ata usiku."

"Na Kifaransa?"

"Ya kutosha."

Nikamuambia basi, kesho asubuhi umuombe ruhusa, sasa nipe namba yake tuiandike. Akakohoa, akanyoosha mugongo, akaanza: "Zéro nonante-sept..."

"Simama hapo," nikamuambia. "Rudilia."