Shangazi, nataka nikate methadoni kwenye mfungo

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 37, nipo Mbeya mjini. Unga, yaani heroini, niliujulia Dar nikiwa utingo wa malori, nikarudi nyumbani nimekwisha. Tangu 2019 nakunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, kwenye dirisha la hapa hospitali ya rufaa, kila asubuhi, na sasa dozi yangu ni miligramu 70. Unga sijaugusa, mwaka wa tano huu. Nina mke, mtoto mmoja na bajaji ya mkataba. Ila nimechoka na dirisha. Kuna kazi ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huko Makongolosi, Chunya, shemeji kanitafutia, na huko siwezi kwenda kama kila asubuhi lazima niwe hapa. Halafu kanisani tunaingia mfungo wa siku 21, na mchungaji anataka siku ya mwisho nishuhudie kwamba nimefunguliwa kabisa. Nimeamua nikate hapohapo. Mwezi uliopita nilijijaribu kimyakimya: siku mbili sikwenda kunywa na nikawa fiti, ya tatu mwili ukasumbua nikarudi. Mke wangu ananiunga mkono. Mama mkwe hajui lolote. Je, nikaze?*
*Nimechoka na Dirisha, Mbeya*

Marahaba, baba. Usikaze.

Nianze na lile jaribio lako, maana ndilo lililokudanganya. Unajihesabia kwamba ulivumilia siku mbili. Hukuvumilia kitu. Methadoni haiondoki mwilini haraka: kwa wengi huchukua kama saa 24 hadi 36 ndipo inapungua nusu, na wewe umeinywa kila siku kwa miaka, imejaa. Siku zile mbili ulikuwa unaishi kwa akiba. Siku ya tatu akiba ikaanza kuisha, ukaona miayo, kamasi, malaika kusimama na mifupa kuuma. Huo ulikuwa mwanzo tu.

Na arosto ya methadoni, yaani mwili kuidai dawa, si ile uliyoizoea maskani. Ya unga inakuja haraka, inakupiga siku ya pili na ya tatu kama gari, wiki ikiisha mwili umeanza kutulia. Hii inachelewa kuja na inachelewa kuondoka. Wiki mbili, wiki tatu, na usingizi unaweza kukususia miezi. Kwa hiyo siku ya 21, ambayo mchungaji amekupangia usimame na kipaza sauti, utakuwa mtu asiyelala, anayeharisha, mwenye hasira na mkewe. Hapo ndipo shetani wa Mwanjelwa, yule muuza unga, anapokupigia simu.

Ukimpokea, sikiliza vizuri. Kichwa chako bado kinakumbuka kiasi ulichokuwa unapiga 2018. Mwili, ukishakata methadoni, unaanza kusahau mara moja. Kiasi kilekile ambacho zamani kilikuondolea arosto tu, sasa kinaweza kukuzimia pumzi ukiwa umelala. Wiki nne za kwanza baada ya kuacha dawa ndizo zinazoua zaidi. Nimemzika binamu kwa namna hiyo, Mbalizi, na alikuwa ametoka kutuambia ukumbini kwamba amepona.

Sasa usije ukasema Shangazi anataka uzeekee dirishani. Hapana. Kumaliza inawezekana, na kuna watu wamemaliza. Lakini mimi ningependa kwanza ujiulize anayetaka umalize ni nani. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekuta shemeji anataka, mchungaji anataka, mkeo anaunga mkono. Wewe mwenyewe umeandika neno moja tu, kuchoka. Uchovu wa dirisha una dawa yake isiyo kukata: mtu wa miaka mitano bila unga ana haki ya kumuuliza daktari kama anaweza kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, hata za siku chache. Uliza. Akikataa, uliza tena baada ya miezi mitatu.

Ukishajibu, ukaona kweli ni wewe unayetaka, basi njia ni kushuka. Hata kanga hutafuna kunde punje punje. Chukua mfano, lakini usiufanye cheti, cheti anaandika daktari anayekujua: miligramu 5 kila mwezi, kutoka 70 mpaka 30, hiyo ni miezi minane. Ukifika 30 unapunguza mwendo, maana huko chini ndiko kugumu. Kutoa 5 kwenye 70 mwili hauoni sana. Kutoa 5 kwenye 15 umeondoa theluthi. Ukienda kwa 2 kila mwezi kutoka 30, ni miezi 15 mingine. Jumla karibu miaka miwili. Najua umeguna. Lakini hiyo miaka miwili unalala nyumbani kwako, unaendesha bajaji yako na unamwona mtoto anakua. Na mahali popote ukikwama, unakaa hapohapo mwezi, miwili, au unapanda kidogo. Kupanda si kuanguka. Kuna dada mmoja aliniandikia, alikwama kwenye 8 msimu mzima wa mvua, akawa anaona haya kuwaambia wauguzi. Walipojua walimwacha apumzike hapo, na alishuka alipokuwa tayari.

Ndiyo maana ule ukimya wako haunipendezi kabisa. Dirishani nenda kawaambie zile siku ulizoruka. Mtu akikosa siku tatu mfululizo au zaidi, hapaswi kurudishiwa dozi yake nzima kabla hajapimwa upya, kwa sababu ileile ya mwili kusahau. Hawakupimi kwa kukuadhibu.

Makongolosi, kwa sasa, hapana. Huko kuna hela ya papo kwa papo, pombe ya komoni usiku kucha na watu usiowajua wanaokujua. Wengi wanaoshuka methadoni huhamia kwenye pombe bila kujiona, na pombe juu ya methadoni inasinzisha pumzi. Tena vumbi la mawe na kifua kikuu vinajuana. Ukianzishiwa dawa za TB, ile rifampisini inaila methadoni mwilini na utapata arosto katikati ya dozi yako ya kawaida. Mwambie shemeji akuwekee nafasi, au aitafute Mbeya. Ni tangu 2017 tu hospitali ya rufaa imekuwa na kliniki hii. Kabla ya hapo mtu wa huku alilazimika kuhamia kwenye kliniki za mbali, ya kwanza ikiwa Muhimbili iliyoanza Februari 2011. Unalichoka dirisha ambalo wenzako walilipandia basi.

Mchungaji sina ugomvi naye. Nenda umwone ofisini, usingoje madhabahuni. Mwambie ushuhuda unao tayari: mwaka wa tano bila unga, mke ndani, abiria wanakukabidhi roho zao kwenye bajaji kila siku. Akikwambia umebadilisha ulevi kwa ulevi, mwulize kama mama wa kwaya mwenye presha ameambiwa atupe vidonge ili aonekane ameokoka. Methadoni imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Na dozi iliyopimwa vizuri hailevyi, wewe mwenyewe unajua. Funga siku zako 21 za chakula, dawa unywe. Kama bado anang'ang'ania, shuhudia kanisa jingine, Mbeya hayajapungua.

Neno moja kwa mkeo, msomee: siku ukimkuta amelala, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imebadilika rangi na haamki ukimtikisa, usimmwagie maji wala usimpe maziwa. Mlaze ubavu, piga kelele, mkimbizeni hospitali na mseme ukweli alichotumia. Dawa ya kumwamsha ipo, lakini haimfai aliyefichwa.

Mama mkwe mwache. Si habari ya mwaka huu.

Mwisho, kama daktari akikubali uanze kushuka, mwombe msianze Juni. Baridi ya huku unaijua: asubuhi barafu kwenye majani Uyole, kila mtu ana kamasi, malaika zimesimama, magoti yanauma. Utashindwa kujua lipi ni la dozi na lipi ni la hali ya hewa, na utajitisha bure. Ngoja Septemba.