Kutafuta mitaa halisi ya filamu za zamani za London: ushauri kwa anayeanza

Kitu cha kwanza kitakachokupoteza ni hadithi ya filamu yenyewe. Passport to Pimlico ya mwaka 1949 inajitaja Pimlico tangu kwenye jina, lakini mtaa wake ulijengwa Lambeth, ng'ambo ya Mto Thames, kwenye kiwanja kilichoachwa wazi na mabomu ya vita karibu na kona ya Lambeth Road na Hercules Road. The Ladykillers ya 1955 inachanganya zaidi. Nyumba ya bibi kizee wa hadithi hiyo ilikuwa jengo la bandia lililosimamishwa kwa ajili ya filamu mwisho wa Frederica Street, pembeni mwa Caledonian Road, juu ya midomo ya mahandaki ya reli. Ukitazama kutoka mlangoni kwake unaona mnara wa stesheni ya St Pancras, kumbe picha hiyo ilipigwa Argyle Street, King's Cross, zaidi ya kilomita moja kutoka hapo. Mhusika hutoka mlango wa mtaa mmoja na mguu wake wa pili ukakanyaga mtaa mwingine.

Kwa hiyo usitafute "mtaa wa filamu". Tafuta mahali pa kila pigo la kamera (kipande kilichopigwa mfululizo bila kukatwa), moja moja. Chora jedwali: dakika na sekunde, kinachoonekana, kamera inatazama upande gani, na kama ni nje kweli au studio. Pale kamera inapogeuka kumwonyesha mtu wa pili kwenye mazungumzo, anza mstari mpya, hata kama wanasimama hatua mbili. Wageni wengi hukwama hapa: wamepata upande mmoja wa barabara, wanahangaika miezi kuutafuta upande wa pili mahali ambapo haujawahi kuwepo.

Kabla ya lolote, hakikisha nakala uliyonayo ni nzuri. Filamu za kabla ya mwaka 1953 nyingi zilipigwa kwa umbo la karibu mraba, 1.37 kwa 1. Nakala iliyokatwa ijaze televisheni pana imepoteza juu na chini, na huko juu ndiko kwenye mapaa na dohani unazozihitaji. Angalia pia urefu. Sinema huenda fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, ila nakala nyingi za televisheni na DVD za Ulaya huenda 25, hivyo filamu ya dakika 90 inakuwa dakika 86 na sekunde 24. Ukilinganisha muda na mwenzako bila kujua hilo, mtapishana kwa dakika kadhaa kuelekea mwisho. Kwenye programu ya VLC, bonyeza herufi E usonge fremu moja moja. Kamera ikizungushwa, usichukue fremu moja: chukua tano au sita pale picha isipotia ukungu, ziunganishe ziwe picha ndefu moja. Mara nyingi kitambulisho kinakaa ukingoni mwa picha hiyo ndefu, mahali jicho halikufika ulipokuwa ukifuata hadithi.

Hakikisha pia picha haikugeuzwa kushoto kuwa kulia. Ilifanyika ili mwendo wa gari ulingane na pigo lililotangulia. Maandishi yatakuambia, yasipokuwepo, tazama usukani (uwe kulia) na koti la mwanamume (upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia). Picha za watu wakizungumza ndani ya gari ziweke kando kwanza: mtaa unaopita dirishani huwa ni filamu nyingine iliyorushwa kwenye skrini nyuma yao studioni, na inaweza kuwa imepigwa mahali pengine kabisa.

Sasa soma maandishi. Kibao cha mtaa cha London huwa na herufi za eneo la posta, mfano N, SE, NW, na tangu 1917 herufi hizo zimeongezewa namba. Usidhani namba zinazofuatana ni majirani. Ukiacha 1, zilipangwa kwa alfabeti ya majina ya maeneo: E3 ni Bow, E4 ni Chingford, iliyo mbali kabisa kaskazini. Namba za simu kwenye mabango ya maduka na magari ya mizigo ni dhahabu. Hadi herufi zilipoanza kuondolewa katikati ya miaka ya 1960, namba zilitanguliwa na herufi tatu za kituo cha simu: GUL ni Gulliver, kituo cha Kentish Town, ROD ni Rodney, upande wa Walworth. Majina ya maduka yatafute kwenye daftari za Kelly's, ambazo zinaorodhesha London mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, na kuonyesha kila mtaa mwingine unapokatiza. Ukipata muuza samaki, kisha fundi viatu, kisha njia panda kwa mpangilio ule ule wa kwenye fremu, umekaribia sana. Lakini jihadhari: bango linalosomeka vizuri kuliko yote, katikati ya picha, lenye rangi mbichi, mara nyingi ni la mafundi wa studio. Amini lile lililofifia pembeni.

Barabara yenyewe inasema. Tramu za mwisho za enzi ile ziliondoka London tarehe 5 Julai 1952. Katikati ya jiji zilipata umeme kutoka chini, kwa hiyo kati ya reli mbili utaona mfereji mwembamba wa tatu na hakuna waya juu. Waya zikiwepo, uko nje kidogo ya jiji. Mabasi yaliyopata umeme kutoka nyaya za juu yaliisha tarehe 8 Mei 1962, na yanatambulika kwa jozi ya nyaya kwa kila upande wa barabara. Ramani za njia zake zipo. Nyaya kwenye fremu zinakufutia mitaa mingi kwa mkupuo.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki asikilize kwa makini. Kwetu jua la saa sita mchana hukaa kaskazini miezi kadhaa ya mwaka, na kusini miezi mingine. London hukaa kusini mwaka mzima. Kivuli cha mchana kinaelekea kaskazini, cha asubuhi magharibi, cha jioni mashariki. Mwezi Juni jua hupanda nyuzi kama 62. Desemba halizidi nyuzi 15, na kivuli cha mtu kinazidi urefu wake mara tatu hata mchana. Kivuli kirefu basi hakimaanishi asubuhi au jioni, angalia kwanza kama miti ina majani. Ukishajua mtaa unaelekea mashariki–magharibi, umeshatupa nusu ya ramani. Kanisa nalo ni dira, kwani makanisa mengi ya zamani yana madhabahu upande wa mashariki, ingawa yaliyobanwa kwenye viwanja vya mjini hayakufuata hilo kila mara.

Ukifika kulinganisha na picha za mtaani za leo, inua macho. Ghorofa ya chini ya duka hubadilika kila baada ya miaka michache. Madirisha ya juu, ukingo wa paa na dohani hudumu. Hesabu vyungu vya dohani, maana kwa kawaida kila meko lilikuwa na chake. Tatizo ni kwamba mjenzi mmoja aliweza kujenga safu kumi za nyumba zinazofanana, hivyo kufanana peke yake si ushahidi. Tafuta kasoro: dirisha lililozibwa kwa matofali, kona iliyokatwa mshazari, mahali paa linaposhuka ngazi kufuata mteremko. Daraja la reli linalovuka mtaa kwa mshazari ni bora kuliko vyote, kwa sababu unaweza kufuata reli nzima kwenye ramani na kukagua kila makutano. Matangi ya gesi yatumie kwa tahadhari. Yale ya King's Cross yaling'olewa, na sasa yamesimama ng'ambo nyingine ya mfereji wa Regent's.

Mtaa ukiwa umebomolewa, picha za leo hazina msaada. Fungua ramani za Ordnance Survey kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, ambazo ni bure na zinakaa sambamba na picha ya setilaiti. Za kipimo cha 1:2500 zinaonyesha umbo la kila jengo, na herufi P.H. ni baa. Kwa filamu za baada tu ya vita, ongeza ramani za uharibifu wa mabomu za halmashauri ya London. Nyeusi ni jengo lililoteketea kabisa, zambarau ni lisilotengenezeka, duara kubwa ni V-1, bomu la Kijerumani lililoruka lenyewe, na dogo ni V-2, roketi yao. Kiwanja kitupu kwenye filamu kinatakiwa kiwe na rangi hizo. Picha za angani za Aerofilms, za 1919 hadi 1953, zinakupa mapaa. Kumbuka na majina: Rillington Place iliitwa Ruston Close kuanzia 1954, na filamu ya 1971 iliyochukua jina la zamani, 10 Rillington Place, ilipigwa mtaani humo humo, ila kwenye nyumba namba 7, si namba 10. Leo mtaa huo haupo tena.

Usitangaze ulichokipata mpaka vitu viwili visivyohusiana vikubaliane, kwa mfano kona ya jengo la karibu na mnara wa mbali. Chora kwenye ramani mstari kutoka kwenye kona hiyo hadi mnara, uurudishe nyuma. Kamera lazima iwe imesimama juu ya mstari huo, mahali ambapo kweli panasimamika. Usipime umbali kwa ukubwa wa mnara kwenye picha, kwa sababu lenzi ndefu huvuta vya mbali vikaonekana vimekaribiana. Kinachofunika kingine ndicho cha kuamini: mnara ukijificha nusu nyuma ya dohani ya tatu, na leo unajificha hapo hapo, huna deni tena.

Andika matokeo hivi: muda na aina ya nakala, mahali kamera iliposimama, upande ilikotazama, vitu vilivyokubaliana, na kama una hakika au unadhani. Ukienda kupiga picha mwenyewe, simama kando ya barabara ya umma, saa ile ile ya vivuli vya kwenye fremu, na ikiwezekana majira ya baridi. Miti iliyokuwa fimbo mwaka 1950 sasa inafunika nyumba nzima kuanzia Mei hadi Oktoba.