Mwanangu, chagua mradi utakaoweza kuutetea

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona swali lako ni hili: ujenge miradi gani ya programu, na mingapi, ili mwajiri asiyekufahamu akuite kwenye usaili na hatimaye akupe kazi. Umenitajia mitatu uliyokwisha kuifikiria, yaani programu ya kuorodhesha shughuli za siku, tovuti ya kuonyesha hali ya hewa, na nakala ndogo ya mtandao wa kijamii unaojulikana na kila mtu, kisha ukaniuliza kama ingefaa uongeze mingine saba ili itimie kumi. Nimekuwa nikiandika programu kwa ajili ya riziki tangu ulipokuwa mdogo, na kwa miaka mingi nimekaa pia upande wa pili wa meza, nikisoma maombi ya vijana na kuwasaili. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona huko, hata pale ambapo jibu halitakupendeza mara moja.

Usijenge kumi. Jenga mmoja, na huo mmoja utokane na shida unayoifahamu kwa undani, utumiwe na watu wengine zaidi yako, na ukae mikononi mwako muda wa kutosha mpaka uanze kukusumbua. Nasema ukusumbue kwa makusudi, kwa sababu ni katika usumbufu huo ndipo mtu hufanya maamuzi, na msaili anachokitafuta hasa ni maamuzi yako.

Miradi mitatu uliyoitaja si mibaya kwa mtu anayejifunza, na sikuambii uifute. Tatizo ni kwamba programu ya orodha ya shughuli imefundishwa katika masomo mengi mno, hata anayesoma maombi hawezi kutofautisha fikra zako na za mwalimu wako. Tovuti ya hali ya hewa huomba takwimu kutoka huduma ya watu wengine na kuzipanga vizuri kwenye ukurasa. Kazi ngumu imefanywa na hao wengine. Ile nakala ya mtandao wa kijamii huonekana kubwa, lakini ugumu wa mtandao halisi wa aina hiyo uko katika kuwahudumia mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, na watu hao wewe huna, kwa hiyo kinachobaki mkononi mwako ni sura yake tu.

Nakumbuka binti mmoja aliyekuja kusailiwa akiwa na programu moja pekee, ambayo kwa sura haikuwa ya kuvutia hata kidogo. Alikuwa ameiandika kwa ajili ya kikundi cha wahudumu wa kujitolea, iwapangie zamu na kuwakumbusha saa ya kufika. Nilipomwuliza ni kitu gani kiliwahi kuharibika, alieleza kwamba asubuhi moja, baada ya saa kusogezwa mbele kama inavyofanyika kila mwaka katika nchi nyingi, kikumbusho kilimfikia kila mhudumu kikiwa kimechelewa kwa saa nzima. Alikuwa amehifadhi saa bila kutaja ni saa za eneo gani. Mwanzoni alidhani dawa ni kuhifadhi kila kitu kwa saa ya kimataifa na kukibadilisha wakati wa kukionyesha, kisha akagundua kwamba kwa zamu zijazo hata hilo halitoshi, kwa kuwa serikali zinaweza kubadili kanuni za saa kabla siku yenyewe haijafika. Ndipo akaamua kuhifadhi saa ya mahali pamoja na jina la eneo lake la saa. Alieleza hayo taratibu, akichora kwenye karatasi, na maswali niliyokuwa nimeyaandaa kuhusu utatuzi wa matatizo sikuyauliza, kwa maana alikuwa amekwisha kuyajibu. Tulimwajiri.

Sasa tazama kilichoko mbele yako. Mara ngapi umenilalamikia kuhusu timu yenu ya mpira wa wavu? Uwanja ni mmoja, makundi ni manne, na ratiba imo katika jedwali ambalo kila mtu analihariri apendavyo, mpaka makundi mawili yanakutana uwanjani saa ileile, kila moja likiamini kwamba zamu ni yake. Shida hiyo unaijua kuliko mwalimu yeyote wa kwenye intaneti. Watumiaji unao, nao hawatakuficha ukweli programu ikiwakwamisha. Mimi ningeanzia hapo.

Usidhani ni jambo dogo. Chukua tendo la msingi kabisa, yaani mtu kuhifadhi uwanja kwa saa fulani. Mwanafunzi huandika programu inayoangalia kwanza kama saa hiyo iko wazi, na ikiwa wazi inaandika jina la aliyeomba. Akijaribu peke yake, inafanya kazi bila kasoro. Lakini manahodha wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, maombi yote mawili huangalia kabla lolote halijaandika, yote mawili huona nafasi iko wazi, na yote mawili huandika. Mkarudi palepale mlipokuwa na jedwali lenu. Utajaribu kulitatua ndani ya msimbo wako, yaani maandishi ya programu, na utaona haliishi, kwa sababu kati ya kuangalia na kuandika daima kuna mwanya. Suluhisho ni kuikabidhi hifadhidata yenyewe, yaani ghala la taarifa za programu, jukumu hilo: uiwekee sharti kwamba uwanja mmoja na saa moja haviwezi kurudiwa, ili ombi la pili likataliwe hata kama limefika sekunde ileile, kisha wewe umwandalie nahodha wa pili ujumbe wa kistaarabu unaomwonyesha saa zilizobaki. Baadaye mtataka kuhifadhi saa moja na nusu badala ya saa kamili, na sharti hilo rahisi halitafaa tena, kwa maana sasa vipindi vinaweza kuingiliana bila kuanza pamoja. Hapo utalazimika kufikiri upya, na ukishafikiri utakuwa na jambo la kusimulia ambalo hakuna mtu awezaye kukuandikia.

Yako na mengine yatakayojitokeza yenyewe. Nani ana ruhusa ya kufuta nafasi ya kundi jingine? Mazoezi ya kila Jumanne yahifadhiwe kama kanuni moja inayojirudia, au kama nafasi hamsini na mbili zilizoandikwa moja moja, na siku Jumanne moja ikiahirishwa itakuwaje? Mtu akisahau nenosiri atalirudishaje? Kuhusu manenosiri, usiyahifadhi kamwe jinsi yalivyo. Tumia njia inayoaminika ya kuyageuza kuwa mfuatano usioweza kurudishwa nyuma, kama bcrypt au Argon2, wala usibuni ya kwako.

Historia ya fani yetu imejaa programu kubwa zilizoanzia kwenye haja ndogo ya mtu mmoja. Mwaka 1996 Daniel Stenberg, mwandishi wa programu wa Sweden, alitaka kuwapatia watu wa chumba chake cha maongezi viwango vya kubadilishia fedha. Akachukua programu ndogo ya Rafael Sagula iliyoitwa httpget, akairekebisha, akaendelea kuiongezea, na mwaka 1998 ikapewa jina la curl, programu ya kupokea na kutuma data kupitia mtandao. Leo imo ndani ya simu, televisheni na magari duniani kote, na yeye bado anaitunza. Mfano huu sikupi ili utamani umaarufu wake. Nakupa kwa sababu alianza na jambo ambalo angeweza kulieleza kwa sentensi moja, na kwa sababu hakuliacha.

Kuhusu lugha na zana, ungependa nikutajie ipi inatafutwa zaidi, lakini jibu hilo litabadilika kabla barua hii haijachakaa. Soma matangazo kumi au kumi na tano ya kazi ya aina unayoitaka wewe, iwe ya programu za simu, ya upande wa seva au ya takwimu, kisha uandike kinachojirudia. Chagua humo, na katika mradi wako uruhusu kitu kimoja tu kiwe kigeni kwako. Nimewaona vijana wenye akili wakianza na lugha mpya, hifadhidata mpya na namna mpya ya kupakia kwenye seva, vyote kwa pamoja, na kila kilipogoma hawakujua wamlaumu nani. Ikiwa lugha ya Python unaijua, itumie, na nguvu zako zielekee kwenye tatizo.

Umeuliza pia, kwa aya fupi kama mtu anayeona haya, kama ni vibaya kuitumia akili mnemba kuandika sehemu za msimbo. Si vibaya, na kazini utaikuta. Sharti langu ni moja: usiache katika mradi wako mstari ambao huwezi kuueleza na kuubadilisha ukiwa umekaa na mtu pembeni. Siku hizi wasaili wengi humwomba mwombaji afungue mradi wake mwenyewe na kuuongezea jambo dogo papo hapo. Aliyeandika kwa kuelewa huenda moja kwa moja kwenye faili linalohusika, na aliyepokea tu huanza kutafuta kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Inaniuma kumtazama kijana mwenye bidii akiwa katika hali hiyo.

Mradi ukishasimama, kazi ya kuufanya usomeke haichukui muda mrefu, lakini wengi huiruka. Uweke mahali ambapo mtu anaweza kuufungua na kuujaribu bila kusakinisha chochote, na umwandalie akaunti ya majaribio. Katika faili la maelezo, sema kwanza programu inatatua nini na kwa ajili ya nani, kisha uonyeshe picha, kisha ueleze maamuzi mawili au matatu magumu pamoja na yale uliyoyajaribu ukayaacha. Orodha ndefu ya zana ulizotumia ije mwishoni au isije kabisa. Andika majaribio ya kiotomatiki, angalau kwa lile tukio la maombi mawili kufika pamoja, kwa kuwa ndipo palipo moyo wa programu yako. Kila unapohifadhi badiliko katika Git, zana inayotunza historia ya msimbo, andika sababu yake kwa maneno ya mtu mzima, maana kuna wasaili, nami nikiwa mmojawapo, wanaosoma historia hiyo ili kuona mtu anavyofikiri siku hadi siku. Na funguo za siri za huduma unazozitumia zisiingie humo hata mara moja, kwani kulifuta faili baadaye hakuliondoi katika historia. Ikitokea zimeingia, zibatilishe siku hiyohiyo na uombe mpya.

Ukipata nafasi ya ziada, ningependa uitumie kurekebisha hitilafu moja katika programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, unayoitumia tayari, badala ya kuanza mradi wa pili. Kazini, muda mwingi utasoma msimbo ulioandikwa na wengine, na hakuna mazoezi bora ya jambo hilo kuliko kuingia katika kazi ya watu usiowajua, kuielewa, na kuwapelekea badiliko dogo wanaloweza kulikubali au kulikataa.

Sitaki nikuahidi kisichokuwapo. Wako waajiri ambao hawatafungua mradi wako hata mara moja, na wako wanaopima kwa maswali ya algoriti pekee, yaani mafumbo ya hatua za kukokotoa jibu. Kwa hao itakubidi ufanye mazoezi ya namna nyingine, nusu saa kila siku inatosha kuanza. Mradi hauondoi hayo. Lakini hata msaili asiyeufungua atakuuliza wakati fulani, "Tueleze jambo gumu ulilowahi kulitatua," na hapo utahitaji kuwa nalo.

Jipe wiki mbili kwa toleo la kwanza, lenye mambo matatu tu: kuona ratiba, kuhifadhi nafasi na kuifuta. Lisiwe na rangi za kupendeza, wala ujumbe wa vikumbusho, wala programu ya simu. Mpe nahodha mmoja alitumie ukiwa umekaa kando yake, usimwelekeze, uandike kila mahali anapositasita. Karatasi hiyo itakuambia ufanye nini wiki ya tatu, vizuri zaidi kuliko ninavyoweza mimi nikiwa mbali. Baada ya hapo endelea nayo miezi miwili au mitatu huku ukiwa umeanza kupeleka maombi. Usingoje ikamilike ndipo uombe, kwa sababu haitakamilika.

Toleo la kwanza likiwa tayari, nitumie anwani yake na akaunti mbili za majaribio. Nitafungua kompyuta zangu zote mbili, nijaribu kuhifadhi uwanja kwa saa ileile kwa wakati mmoja, nikuandikie nilichokiona.

Akupendaye,
Mama yako